Nimekariri maneno 1,200 ya Kiingereza, bado maswali ya visawe yananishinda. Nakosea wapi?

Kijana wa Igoma

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwa waliowahi kufanya GRE au mtihani wowote wa ushindani unaopima msamiati wa Kiingereza.

Mimi ni mhitimu wa takwimu, naishi Igoma hapa Mwanza. Kwa sasa nauza kwenye duka la nyavu na kamba Kirumba huku natafuta ufadhili wa shahada ya uzamili Marekani. Vyuo viwili ninavyovilenga vinataka alama za GRE. Hesabu hazinisumbui. Kinachonimaliza ni sehemu ya lugha, hasa yale maswali ya sentensi yenye pengo moja na maneno sita, ambapo unatakiwa uchague mawili yatakayoipa sentensi maana ileile.

Nilinunua kaunta buku ya kwaya tatu, naandika neno la Kiingereza kushoto, maana yake ya Kiswahili kulia. Nimefika maneno 1,200. Ukinikamata njiani ukaniuliza neno lolote humo, nakujibu papo hapo. Lakini kwenye majaribio nilianza na 147, na juzi, baada ya miezi minne, nimepata 148. Alama moja! Usiku ule nililala saa nane nikijiuliza kama akili yangu imegota.

Ukurasa mmoja wa daftari uko hivi: strict, kali. Fierce, kali. Severe, kali. Harsh, kali. Acute, kali. Stern, kali. Stringent, kali. Nikikutana na swali nachagua mawili yenye "kali", naambiwa nimekosa.

Zimebaki wiki tisa. Niongeze maneno yafike 3,000, au kuna kitu sikioni? Tafadhali msinijibu kwamba Kiingereza ni kipaji. Shule ya msingi nimesoma kijijini kwa Kiswahili, masomo yote kwa Kiingereza nimeanza kukutana nayo kidato cha kwanza. Nimetoka mbali, sitaki kuishia hapa.

Mtaa wa Makoroboi

Mkuu, ongeza dozi. Maneno 50 kila siku, saa kumi alfajiri kabla kelele hazijaanza. Kwa wiki tisa hizo utakuwa umeyamaliza. Mimi hivyo ndivyo nilivyofaulu kidato cha sita. Usikate tamaa.

Madam wa Usagara

Mdogo wangu, nimeusoma huo ukurasa wa "kali" mara mbili. Na mimi niliwahi kuwa na ukurasa kama huo, ila wangu ulikuwa wa "zuia". Mara ya kwanza nilipata 146 kwenye lugha. Nilirudi kutoka Dar nimejifunika khanga usoni, ili jirani yangu kwenye basi asione ninavyolia. Mara ya pili nikapata 157. Kati ya mitihani hiyo miwili sikuongeza maneno mengi, labda 300. Nilichofanya ni kuyabomoa yale niliyokuwa nayo na kuyajenga upya.

Ndugu yangu wa Makoroboi, nia yako ni njema, lakini huyu kijana akiongeza dozi ya kitu kilekile atafika kwenye chumba cha mtihani amechoka, na alama itabaki 148.

Akili yako haijagota. Mtu anayeweka maneno 1,200 kichwani huku anapima kamba dukani kutwa nzima, ana kumbukumbu nzuri kuliko yangu. Kosa liko upande wa kulia wa daftari. Umechukua maneno saba ya Kiingereza ukayafungia chumba kimoja cha Kiswahili na kuzima taa. Sisi tunasema mbwa mkali, kisu kikali, jua kali, mwalimu mkali, siki kali, maumivu makali, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu nomino iliyo jirani inatuambia ni ukali gani. Mwingereza kila ukali kaupa neno lake. Ukiandika "kali" peke yake umemfukuza jirani, na jirani ndiye aliyeshika maana.

Nilikuja kulielewa hili mwaloni Kirumba, wala si darasani. Shangazi yangu alikuwa na meza pale. Siku moja akaja mteja mgeni, akasema anataka sangara. Shangazi akamuuliza, sangara gani, mbichi, kayabo, mapanki au bondo? Wewe unauza nyavu, unajua, lakini kwa wasomaji wa mbali: kayabo ni sangara aliyepigwa chumvi akakaushwa. Mapanki ni kichwa na mifupa inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Bondo ni kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa samaki, ambacho wanunuzi wa kwenda Asia wanakigombania kwa bei inayoipita minofu yenyewe. Samaki ni huyohuyo mmoja. Lakini ukimletea mtu mapanki wakati ameagiza bondo, hamtaelewana. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, daftari langu mapajani, nikatazama ule ukurasa wa "zuia" nikaona kwamba miezi mitatu nimekuwa nikiwauzia watu mapanki.

Hata Kiswahili chetu hakina visawe vya kubadilishana ovyo. Mtu anafariki, mtu anaaga dunia. Kuku anakufa. Ukisema kuku amefariki, kila mtu atageuka, ingawa kamusi itakuambia ni jambo lilelile. Hakuna aliyekufundisha hilo. Umelijua kwa kuyasikia maneno yakiwa na wenzake. Kwa Kiingereza inabidi tufanye kwa makusudi kile ambacho kwa Kiswahili tulikipata bure.

Basi chukua ule ukurasa uandike hivi. "Strict" ni wa mwalimu, mzazi, sheria, mlo wa mgonjwa: kinachobana na hakitaki kuvunjwa, hasira si lazima. "Stringent" ni wa sheria, masharti, viwango, usimpe binadamu. "Stern" ni wa uso na sauti, ule mtazamo wa baba asiyetabasamu. "Severe" ni wa ukame, adhabu, majeraha, uhaba: kinachoumiza kwa uzito wake. "Harsh" ina lawama ndani yake, anayelitumia anaona ukali umepita kiasi, na linakubali pia maneno, mwanga, hali ya hewa. "Fierce" ni wa mbwa, mapigano, ushindani. "Acute" ni wa maumivu yanayochoma au ugonjwa uliozuka ghafla, wa uhaba uliofika pabaya, na pia wa akili inayoona mbali.

Sasa jaribu hili, nimelitunga mwenyewe. Masharti mapya ya uvuvi yalikuwa ______ kiasi kwamba hata nyavu zilizokubaliwa mwaka uliotangulia zilikamatwa. Maneno sita: fierce, lenient, stringent, acute, lax, strict. Chagua mawili, na uniambie kwa nini umeyaacha mengine manne. Hiyo sehemu ya pili ndiyo yenye kazi.

Kabla hujajibu, angalia mtego. Humo ndani kuna jozi mbili za visawe halisi. "Lenient" na "lax" wanapatana vizuri kabisa, wamewekwa pale kumnasa anayetafuta mapacha bila kusoma sentensi. Watunzi wa GRE wenyewe wanaonya hivyo katika maelekezo yao, usitafute tu maneno mawili yanayofanana. Na ukipata moja ukakosa la pili, hupewi nusu alama. Kwa hiyo soma sentensi kwanza, funika majibu kwa kiganja, jaza pengo kwa neno lako mwenyewe, hata kama ni la Kiswahili, ndipo ufunue.

Kuna jambo jingine lililonisaidia kuacha kukiogopa Kiingereza, nalo ni kujua kwa nini kina visawe vingi hivi. Mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaiteka Uingereza. Kwa muda mrefu wakubwa wa nchi waliongea Kifaransa, kanisa na wasomi waliandika Kilatini, na watu wa kawaida wakabaki na Kiingereza chao. Maneno yakapangana kwa tabaka. "Ask" ni la wenyeji, "question" limekuja na Kifaransa, "interrogate" limetoka Kilatini. Sasa tazama kwetu: uliza ni la Kibantu, hoji na saili yametoka Kiarabu. Mtoto anauliza, mwandishi wa habari anahoji, tume ya ajira inasaili. Neno la nyumbani ni jepesi, neno lililosafiri limevaa suti. Wewe tayari una lugha iliyojengwa kwa tabaka kama hiyo, kwa hiyo sikio lako linajua kazi hii. Ukikutana na visawe viwili vya Kiingereza jiulize: lipi ni la jikoni, lipi ni la ofisini?

Nitarudi kueleza njia ya kadi niliyoitumia kuyakumbuka maneno, sasa hivi nina madaftari ya kidato cha pili yananisubiri.

Kijana wa Igoma

Shikamoo madam. Nimesoma nikiwa nimesimama dukani, mteja akaniita mara tatu sijasikia.

Jibu langu ni strict na stringent. Fierce nimeiacha kwa sababu masharti si mbwa wala mapigano. Acute ni ya maumivu na uhaba. Lenient na lax zinapatana lakini nyavu zisingekamatwa kama masharti yangekuwa malegevu. Kwa mtindo wangu wa zamani ningechagua fierce na acute bila kusita, kwa sababu zote kwangu zilikuwa "kali", na ningeona nimepata!

Sasa swali. Maneno 1,200 nikiyafanya yote hivi kwa wiki tisa nitaweza? Na je, niandike sentensi kwa kila neno?

Nesi wa Pasiansi

Madam ameeleza vizuri, nami niongezee kwa wale wa IELTS, mtihani mwingine wa Kiingereza, maana nimeipitia mwaka juzi kwa ajili ya kazi nje.

Kule hawakuulizi kisawe moja kwa moja, ila mtihani wa kusoma wote umesimama juu ya visawe. Una maswali 40 kwa dakika 60. Kifungu kinasema samaki walipungua kwa kasi, swali linasema kushuka kwa ghafla kwa akiba ya samaki. Ukilisaka neno la swali ndani ya kifungu hulioni, dakika zinakwisha. Mimi nilijizoeza kwa kuchukua aya moja ya habari ya Kiingereza kila nikitoka zamu ya usiku, naiandika upya kwa maneno mengine bila kubadilisha maana, halafu nalinganisha. Aya moja tu, maana baada ya zamu ya usiku macho hayana nguvu.

Jambo ambalo liliniuma: jibu la kujaza, neno ulitoe kwenye kifungu kama lilivyo, na tahajia ikikosewa jibu limekwenda. Wakisema yasizidi maneno mawili, ukaandika matatu, limekwenda pia. Nilipoteza alama kwa herufi moja kwenye majaribio, nikalia kama madam kwenye basi.

Madam wa Usagara

Marahaba mwanangu. Umejibu sawasawa, na sababu zako ni bora kuliko jibu lenyewe.

Nesi, asante. Hiyo ya kuandika aya upya ni dawa hata kwa GRE.

Maneno 1,200 yote hutayaweza, na usijaribu. Keti na daftari lako jioni moja na kalamu nyekundu. Yale ambayo hata ukilala ukiamka unajua yanakaa na nani, yapite. Yale yanayogongana kwenye neno moja la Kiswahili, kama hayo ya "kali", yakusanye kwa familia. Utakuta familia 40 na kitu, na humo ndimo alama zako zilimopotelea. Familia moja kwa siku, siku sita, ya saba unarudia. Wiki nane zinatosha, na wiki ya tisa ni ya kufanya mitihani kamili kwa saa. Sehemu ya lugha siku hizi ni maswali 27, ya kwanza 12 kwa dakika 18, ya pili 15 kwa dakika 23. Hakuna anayekatwa kwa kukosea, kwa hiyo usiache pengo hata moja. Na mambo yakienda vibaya unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, kwa hiyo mtihani mmoja usikutie kiwewe.

Kuhusu sentensi, ndiyo, lakini iwe ya maisha yako. Usinakili ya kamusi. Familia yangu ya "zuia" niliiandika kwa gugumaji. Kila mtu wa pembezoni mwa ziwa hili anajua linavyoziba mwalo hadi mtumbwi haupenyi. Kuzuia kuenea kwa gugumaji: "check", "curb", "stem", "arrest". Yote manne yanaingia hapo. Angalia hatari yake, kila moja lina sura nyingine unayoijua tangu sekondari. "Check" umeijua kama kukagua, "stem" ni shina la mmea, "arrest" ni ya polisi, "curb" Wamarekani wanaita ukingo wa barabara. GRE inapenda sana maneno haya ambayo unadhani umeshayamaliza. Neno gumu unalitambua kwa sura, unajiandaa. Linalokuangusha ni lile dogo ulilolipita bila kulisalimia.

Upande wa pili wa familia hiyo niliweka "hinder", "impede", "hamper": haya hayakomeshi kitu, yanakikwamisha tu. Gugumaji linaukwamisha mtumbwi. Sisi tunalizuia gugumaji. Kwa Kiswahili nilikuwa nimeandika "zuia" kote kuwili.

Njia ya kadi ni ya mwandishi Sebastian Leitner, aliieleza mwaka 1972. Nunua manila mbili, kata kadi ndogo, tafuta boksi la viatu uligawe vyumba vitano. Kadi zote zinaanza chumba cha kwanza, unachokipitia kila siku. Ukipatia, kadi inasogea chumba cha pili, unakipitia baada ya siku mbili, na kuendelea hivyo, kila chumba kwa nafasi ndefu zaidi. Ukikosea, hata kama kadi ilikuwa chumba cha tano, inarudi cha kwanza. Inauma kuirudisha, lakini irudishe. Mbele ya kadi usiandike neno peke yake, andika sentensi yako yenye pengo. Nyuma andika neno na jirani zake wawili. Zipo programu za simu zinazofanya hivyo pia, mimi nilipenda manila kwa sababu simu ilikuwa inaniletea mambo mengine.

Nilikuwa nafundisha Sengerema wakati huo. Foleni ya kivuko pale Kigongo ndiyo ilikuwa darasa langu, kuna siku nilimaliza kadi zote kabla gari letu halijapanda. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, watu wanapita juu ya maji kwa dakika chache, na ninashukuru sana kwa ajili ya wagonjwa waliokuwa wakisubiri pale. Wewe tafuta foleni yako. Daladala ya kutoka Igoma kwenda mjini asubuhi inatosha kadi 20.

Mtaa wa Makoroboi

Madam nimekuelewa, naondoa dozi yangu. Binti yangu yuko kidato cha nne, leo nimemwambia alete daftari lake la msamiati. Ukurasa wa kwanza tu: happy, furaha. Glad, furaha. Content, furaha. Tumeanza hapohapo mezani.

Kijana wa Igoma

Narudi baada ya siku kumi na mbili, madam. Familia kumi zimekamilika. Boksi ni la raba za mteja mmoja, vyumba nimevigawa kwa kadibodi. Iliyonipa raha ni familia ya pesa: "thrifty" na "frugal" nimeziweka kwa mama yangu, anayetunza chenji kwenye kopo la kahawa ili ada ipatikane. "Stingy", "miserly" na "parsimonious" nimeziweka kwa mwenye nyumba wangu wa zamani, mkono wa birika kabisa. Zamani wote ningewaandika "bahili", na nisingemtendea haki mama.

Jaribio la jana nimepata 152.

Nimekwama kwenye neno moja. "Austere". Nimeliweka kwenye familia ya ukali karibu na "stern", lakini kwenye kifungu kimoja nimelikuta limekaa na chumba, na chumba hakina uso. Nikalihamishia familia ya pesa karibu na "frugal", nako naona halitulii. Limezunguka vyumba vyote.

Madam wa Usagara

152! Nimewasomea wenzangu wa ofisi ya walimu.

"Austere" usililazimishe. Linaweza kuwa la mtu, na hapo linamkaribia "stern", asiyecheka ovyo. Linaweza kuwa la maisha, na hapo linamkaribia "frugal", ila si kwa ajili ya kutunza pesa. Kiini chake ni kuondoa kila kisicho cha lazima. Umewahi kuingia chumba cha mtawa, au kile chumba cha bweni siku ya kwanza kabla wanafunzi hawajaleta vitu vyao? Kitanda cha chuma, godoro, dirisha, basi. Hakuna pazia, hakuna picha, hakuna zulia. Hicho ni chumba "austere". Sasa mchukue mtu aliyeuweka moyo wake kama chumba hicho, ndiye huyo mwenye uso wa "stern" uliyemkuta mwanzo.

Kata kadi mbili, moja ya chumba, moja ya mtu, kila moja na sentensi yake. Ya chumba niandikie hapa kesho kabla hujafungua duka.